Neptuni haipati jua la maana, lakini upepo wake hauna mpinzani. Nguvu inatoka wapi?

Mzabibu wa Makutupora (mtoa mada)

Wakuu, mbukwenyi.

Sisi wa Dodoma upepo hatusimuliwi. Mwezi wa saba ukianika shuka Nzuguni bila vibanio, jiandae kulifuata Ihumwa. Na shuleni tulifundishwa unakotoka: Jua linapasha sehemu moja kuliko nyingine, hewa yenye joto inapanda, yenye baridi inakuja kushika nafasi yake. Bila Jua hakuna upepo.

Haya, chukueni kanuni hiyo muipeleke Neptuni, sayari ya nane, ya mwisho kabisa. Iko wastani wa kilomita bilioni 4.5 kutoka kwenye Jua, yaani mara 30 ya umbali wetu. Mwanga unatumia zaidi ya saa nne kufika kule, na ukifika umefifia mara 900 hivi. Kwa hesabu za darasani hiyo ilitakiwa iwe sayari iliyolala fofofo. Kumbe ndiko kwenye upepo mkali kuliko sayari yoyote ya mfumo wetu, unaofika kilomita 2,000 kwa saa. Hapa duniani, ukiacha chamchela, rekodi ni kilomita 408 kwa saa, kisiwa cha Barrow kule Australia, mwaka 1996.

Msimamo wangu ni huu: tunaitazama Neptuni vibaya tukidhani inaishi kwa kutegemea Jua. Ina moto wake yenyewe. Vipimo vya chombo cha anga cha Voyager 2 vilionyesha inatoa joto takriban mara 2.6 ya lile inalopokea. Joto hilo ni masalio ya kuzaliwa kwake, wakati mavumbi na gesi vilipoangukiana na kubanana, na mpaka leo linapanda taratibu kutoka ndani kwenda nje.

Halafu kuna breki. Upepo wetu unagonga kilima cha Mlimwa, miti, nyumba, mawimbi, na kila kinachogongwa kinaupunguza mwendo. Neptuni haina ardhi. Ukishuka kutoka mawinguni unakutana na gesi, halafu gesi iliyobanwa zaidi, halafu kitu kizito kama majimaji, na hakuna mahali utakaposema hapa gesi imeisha. Kwa hiyo hata nguvu ndogo ikisukuma muda mrefu bila kuzuiwa inajenga mwendo wa kutisha. Lakini msidhani sayari nzima inavuma mpaka katikati. Waliochambua nguvu yake ya uvutano wamekadiria kwamba pepo hizo ziko kwenye tabaka la juu lisilozidi kilomita 1,000 hivi kwenda chini. Huko chini zaidi sayari inazunguka kwa pamoja.

Mengine kwa wanaopenda takwimu: upana kwenye ikweta ni kilomita 49,500, karibu mara nne ya Dunia. Uzito wake ni mara 17 ya Dunia. Siku yake ni saa 16. Mwaka wake ni miaka yetu 165, ndiyo maana tangu igunduliwe mwaka 1846 imemaliza mwaka mmoja tu, ilipofika 2011. Angahewa yake ni haidrojeni kama asilimia 80, heliamu asilimia 19, na methani kidogo. Pale ambapo mgandamizo wa hewa unalingana na wa kwetu, baridi ni nyuzi joto 200 chini ya sifuri.

Wa kukosoa akosoe kwa hoja.

Kapuku wa Majengo

Naweka kambi hapa. Bati langu la Chang'ombe liliondoka na upepo wa kawaida kabisa, halafu kuna mahali unavuma 2,000. Shusha madini mkuu.

Sikubali Kirahisi

Mtoa mada umeandika vizuri, ila mimi na nyie watu wa anga hatuelewani siku zote. Uzito mara 17 ya Dunia. Nani alipeleka mzani? Hata hiyo Voyager mnayoitaja haikutua. Mtu anakaa Marekani anatamka namba, sisi Dodoma tunaitikia amina. Nipeni njia ambayo hata mimi naweza kuifuata, la sivyo hizi ni hadithi.

Mwalimu wa Kongwa

Sikubali Kirahisi, swali lako ni la halali, na jibu lake unaweza kulikokotoa kwa simu uliyoshika. Huhitaji kumwamini Mmarekani.

Mzani wa sayari ni mwezi wake. Sayari ikiwa nzito inauvuta mwezi wake kwa nguvu, na mwezi lazima ukimbie kwa kasi ili usianguke. Basi ukijua mwezi uko umbali gani na unazunguka kwa siku ngapi, umeshaipima sayari.

Mwezi wetu uko kilomita 384,000 kutoka kwetu na unazunguka kwa siku 27.3. Neptuni ina mwezi mkubwa unaoitwa Triton, ulioonekana na William Lassell siku 17 tu baada ya sayari yenyewe kugunduliwa. Uko kilomita 355,000 kutoka Neptuni. Angalia, umbali ni karibu ule ule wa mwezi wetu! Lakini Triton unamaliza mzunguko kwa siku 5.88. Watu walizipata namba hizo kwa darubini za hapa chini, kwa kuketi na kuhesabu, miaka mingi kabla ya chombo chochote kuruka.

Sasa gawanya 27.3 kwa 5.88, jibu lizidishe kwa lenyewe. Kisha gawanya 355 kwa 384, jibu hilo lizidishe lenyewe mara tatu. Majibu mawili uliyopata yazidishe pamoja. Hiyo ndiyo Neptuni ikilinganishwa na Dunia. Rudi hapa utuambie umepata ngapi.

Nikiwa hapo hapo, mgunduzi wa sayari hii naye hakuanza kwa kuchungulia. Urbain Le Verrier, Mfaransa, aliona sayari ya Uranus inapinda kidogo kutoka kwenye njia iliyotarajiwa, akakokotoa kwamba kuna kitu kinaivuta. Akaandika barua Berlin. Johann Galle akaelekeza darubini usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, akaikuta sayari mpya chini ya nyuzi moja kutoka mahali palipotajwa. Karatasi ilitangulia, jicho likafuata.

Sikubali Kirahisi

4.643 kwa 4.643 nimepata 21.56. Ile nyingine 0.79. Nikizidisha inakuja 17.03.

Sawa. Endeleeni.

Kapuku wa Majengo

Hahaha, leo amekamatwa na kikokotoo chake mwenyewe.

Binti Kondoa

Shikamoo Mwalimu. Na wengine habari zenu. Mimi nina swali. Vitabu vinaziita Uranus na Neptuni majitu ya barafu. Mtoa mada anasema gesi, gesi, halafu moto ndani. Barafu iko wapi?

Mwalimu wa Kongwa

Marahaba binti. Barafu ya kuweka kwenye juisi usiitafute. Wanasayansi wa sayari wana mazoea ya kuita maji, amonia na methani "barafu" hata vikiwa na joto la kuyeyusha chuma, kwa sababu sayari ilipokuwa inajengwa huko mbali kwenye baridi, vitu hivyo vilikusanywa vikiwa vimeganda. Leo vimo ndani, vimebanwa na vina joto la maelfu ya nyuzi.

Tunajuaje kwamba vimo? Rudi kwenye hesabu ya rafiki yetu. Neptuni ina upana wa karibu mara 3.9 ya Dunia, kwa hiyo ujazo wake ni Dunia 58 hivi. Uzito ni Dunia 17. Gawanya, utaona densiti yake ni kama asilimia 30 ya ile ya Dunia, yaani gramu 1.6 kwa sentimita moja ya ujazo. Maji ni gramu 1. Zohali, ambayo ni haidrojeni na heliamu kwa wingi, ni gramu 0.69 tu. Mshtarii inafika 1.33 lakini ile ni nzito mara 318 ya Dunia, inajibana kwa uzito wake. Neptuni haina uzito wa kujibana hivyo, na bado densiti yake imezidi zote mbili. Haiwezekani iwe haidrojeni tupu. Sehemu kubwa ya mwili wake lazima iwe vitu vizito zaidi, na maji, amonia na methani ndivyo vilivyojaa maeneo yale. Katikati kuna miamba na chuma.

Mzabibu wa Makutupora

Naongezea kwa Binti Kondoa, maana hapa Mwalimu amepita haraka kwenye sehemu tamu. Mwaka 2019 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, walibana maji kwa leza hadi mgandamizo wa zaidi ya mara milioni moja wa hewa yetu, kwenye joto la maelfu ya nyuzi, wakayapiga picha za eksirei. Oksijeni ilijipanga kama inavyojipanga kwenye barafu, imara kabisa, huku haidrojeni ikitiririka katikati yake kama kimiminika. Ni barafu kwa haki, ila ni ya moto, na ni nyeusi. Inadhaniwa hali hiyo ipo ndani ya sayari hizi mbili. Kwa hiyo jina halijapotea njia kabisa, Mwalimu.

Mwalimu wa Kongwa

Nakubali kwa sharti: inadhaniwa. Maabara imeonyesha maji yanaweza kuwa hivyo. Haijaonyesha kwamba Neptuni imefanya hivyo.

Mchimbaji Mstaafu

Wazee, kuna sehemu nilisoma kule inanyesha almasi. Nimetoka Mwadui mikono mitupu, naomba nauli ya Neptuni.

Mzabibu wa Makutupora

Mzee wangu, almasi ziko kwenye makadirio, na makadirio yenyewe si ya ovyo. Methani ni kaboni na haidrojeni. Ukiibana na kuipasha vya kutosha, kaboni inajitenga na kujipanga kuwa almasi, kisha inazama kwa sababu ni nzito kuliko kinachoizunguka. Mwaka 2017 watafiti kwenye maabara ya SLAC kule California walipiga plastiki kwa leza, wakaona vipande vidogo mno vya almasi vikijiunda ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwaka 2022 wakarudia kwa plastiki ile ile ya chupa za maji tunazotupa kando ya barabara ya Singida. Ina oksijeni ndani, na ikaonekana oksijeni inasaidia almasi kujiunda.

Nauli sina. Na ukifika itabidi uzame maelfu ya kilomita, mahali ambapo hakuna chombo cha chuma kitakachobaki na umbo lake.

Mchimbaji Mstaafu

Mererani walikuwa wanashuka mita mia kadhaa tukawaona mashujaa.

Fundi Redio Nkuhungu

Swali la fundi: sumaku vipi? Nikiwa na dira kule itanielekeza kaskazini?

Mwalimu wa Kongwa

Itakupoteza. Uga wa sumaku wa Neptuni umeinama nyuzi 47 kutoka kwenye mhimili wa kuzunguka, na wa Uranus umeinama nyuzi 59. Wa kwetu umeinama kama nyuzi 10 tu. Cha ajabu zaidi, kitovu cha uga huo kwenye Neptuni hakiko katikati ya sayari, kimesogea pembeni kwa zaidi ya nusu ya nusu kipenyo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba sumaku haitengenezwi kwenye kiini kama yetu. Inatengenezwa kwenye tabaka la juu zaidi, lile lenye maji na amonia, ambalo linapitisha umeme. Voyager 2 ndiyo iliyoyaona haya, ilipopita Uranus Januari 1986 na Neptuni tarehe 25 Agosti 1989, chini ya kilomita 5,000 juu ya mawingu. Tangu hapo hakuna chombo kingine kilichokwenda.

Binti Kondoa

Na ile rangi? Picha za zamani Neptuni ni bluu iliyokolea, siku hizi naona picha ambazo imefanana na Uranus.

Mzabibu wa Makutupora

Picha za 1989 ziliongezwa ukolevu ili mawingu na madoa yaonekane. Maelezo hayo yaliandikwa wakati ule, ila picha zikasambaa bila maelezo. Mwaka 2024 timu ya Patrick Irwin wa Oxford ilirekebisha rangi kwa kutumia vipimo vya darubini ya Hubble na ile kubwa ya Chile. Zote mbili ni samawati yenye ukijani, Neptuni imezidi ubluu kidogo kwa sababu utando wake wa ukungu ni mwembamba. Rangi yenyewe inatokana na methani, inayomeza mwanga mwekundu. Na lile doa jeusi kubwa lililoonekana 1989, lenye ukubwa unaokaribia Dunia, Hubble ilipotazama 1994 halikuwepo tena. Yametokea mengine yakapotea vile vile.

Kapuku wa Majengo

Kule mchana kunakuwa giza totoro basi?

Mzabibu wa Makutupora

Hapana. Gawanya jua letu kwa 900, bado utapata mwanga unaozidi mbalamwezi kamili zaidi ya mara 400. Gazeti utasoma, kama upepo utakuachia gazeti.

Msafiri wa Manyoni

Nimesoma kimya, sasa naleta pingamizi. Mtoa mada unasema joto la ndani ndilo linaloendesha upepo. Uranus iko karibu zaidi na Jua, kilomita bilioni 2.9, mwili wake karibu sawa na Neptuni. Na nimesoma kwamba joto la ndani haina kabisa, mpaka ndiyo imeshika rekodi ya hewa baridi kuliko sayari zote, nyuzi 224 chini ya sifuri. Lakini upepo wake nao unafika kilomita 900 kwa saa. Huo unaendeshwa na nini?

Mzabibu wa Makutupora

Pingamizi zuri, na hapo ndipo napapenda. Kwanza "haina kabisa" imeanza kuvunjika. Vipimo vya Voyager vilikuwa na shaka kubwa, joto la ndani likaonekana karibu na sifuri. Mwaka 2025 vikundi viwili tofauti vilichambua upya kumbukumbu za miongo mingi, vikakuta Uranus inatoa joto zaidi ya inalopokea kwa asilimia 12 hadi 15. Ni kidogo ukilinganisha na Neptuni, lakini lipo.

Kwa nini ni kidogo, kuna mawazo mawili makubwa. Moja: joto lilitoka mapema, pale sayari ilipogongwa na kitu kikubwa kikailaza ubavu. Mjue Uranus imeinama nyuzi 98, inazunguka ikiwa imelala, kiasi kwamba ncha moja inaona Jua miaka 42 mfululizo na nyingine inakaa gizani miaka 42. La pili: joto bado limo ndani, limezuiwa na matabaka yasiyochanganyika, kama chungu cha makande chenye mfuniko uliokaza. Mimi niko upande wa chungu.

Na angalia namba zako mwenyewe: 900 dhidi ya 2,000. Uranus inapata mwanga wa Jua zaidi ya mara mbili ya Neptuni, na upepo wake haufiki nusu. Jua lingekuwa ndilo mwendeshaji mkuu, ingekuwa kinyume.

Mwalimu wa Kongwa

Mimi mgongano siuachi haraka. Mgongano unaeleza kulala ubavu na kupoa kwa tukio moja. Mfuniko wako unaeleza kupoa peke yake.

Mzabibu wa Makutupora

Miezi yake mikubwa nayo inazunguka kwenye ikweta ile iliyolala, Mwalimu. Mgongano ungewezaje kuinamisha sayari na miezi yote kwa pamoja?

Mwalimu wa Kongwa

Miezi ilijengwa baadaye, kwa mabaki ya mgongano huo. Au ilijengwa upya.

Msafiri wa Manyoni

Hawa wawili waacheni, hawatamaliza leo. Kuna mtu ameshawahi kuziona kwa macho akiwa hapa kwetu?

Binti Kondoa

Neptuni kwa macho matupu haiwezekani, ni hafifu mno. Hata Galileo aliiona kwa darubini yake Desemba 1612 akaichora kama nyota. Uranus inawezekana kwa shida, mahali penye giza la kweli, na kwa darubini ndogo ya mkononi ni rahisi. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa inakaa karibu na kundi la nyota la Kilimia, na inasogea polepole, kwa hiyo bado iko upande huo wa anga. Oktoba, saa nne usiku, Kilimia kiko mashariki. Hapa mjini taa zimeharibu, ila ukitoka kuelekea Bahi au Kondoa unapata anga. Ukichelewa mpaka Desemba mawingu ya mvua yanakuwahi. Bibi yangu anasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, mpangilie mapema.

Fundi Redio Nkuhungu

Darubini ya mkononi ninayo. Oktoba, Bahi, wa kwenda anifuate faragha.

Sikubali Kirahisi

Nimerudi. Nimetafuta mwezi wa Uranus, nimekuta Titania: kilomita 436,000, siku 8.7. Njia ile ile ya Mwalimu. Nimepata Uranus ni Dunia 14.4. Upana wake ni mara nne ya Dunia, kwa hiyo ujazo ni 64, densiti inatoka kama 1.24.

Sasa niambieni. Uranus ni kubwa kwa umbo kuliko Neptuni, halafu ni nyepesi. Neptuni ni ndogo, halafu ni nzito. Mnaziita mapacha kwa kigezo gani?

Mwalimu wa Kongwa

Kitabuni ni 14.5 na 1.27, uko karibu sana. Wanaziita mapacha kwa vilivyomo na kwa rangi. Kwa tofauti uliyoikokotoa, Neptuni ilikusanya vitu vizito zaidi ikabanwa zaidi, na hapo ndipo pengine moto wake wa ziada unapoanzia. Mwaka 2022 jopo la wanasayansi wa Marekani lilipendekeza chombo cha kuizunguka Uranus kiwe cha kwanza kwenye orodha ya safari kubwa, pamoja na kifaa cha kutumbukizwa ndani ya angahewa yake. Safari yenyewe itakula zaidi ya miaka kumi njiani.

Mzabibu wa Makutupora

Na kikipima joto la mfuniko wangu, Mwalimu, utanilipa mbuzi.

Mwalimu wa Kongwa

Nitakuwa nimestaafu. Utamdai mjukuu.